Mwaka wa Jina Nisilolitaja

Juzi mjukuu wangu alikuwa ananisomea kitabu chake cha skuli. Mwaka mmoja wa zamani, miaka zaidi ya mia tano nyuma, umeandikiwa ukurasa wake peke yake: mfalme gani kafa, mwana wa nani kazaliwa, vita gani, tufani gani. Nikasikiliza mpaka mwisho, nikamuuliza, "Na mtoto mchanga hakufa hata mmoja mwaka huo?"

Akacheka. "Bibi, hapa wameandikwa wakubwa tu."

Haya. Mimi skuli sikufika mbali, lakini na mimi nna mwaka wangu, na waliozaliwa na waliokufa ndani yake nnawajua wote kwa majina. Majina hayo siyaweki hapa. Mtaona kwa nini.

Mwaka wenyewe ulianza na masika mabaya. Roshani ya nyumba ya pili kutoka yetu ilianguka uchochoroni alfajiri, ikamkosa muuza kahawa kwa kidogo tu. Akakaa barazani kwetu anamhimidi Mungu, buli lake la kahawa limebonyea. Juma lile lile binti wa jirani yangu akajifungua pacha. Tukasema mvua imekuja na neema zake.

Mvua haijakatika, mume wangu akafa.

Alikuwa fundi wa chokaa. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe mnazoziona nyeupe zimepita mikononi mwake, na vumbi la chokaa lile ndilo lililomkaa kifuani. Siku ya mwisho aliniuliza, "Ukuta wa msikiti umekauka?" Nikamwambia umekauka. Mvua ile, ukaukie wapi?

Sasa nieleze jambo moja. Niliolewa naye ningali mdogo, na mama yangu alinifunza kuwa mke hamtaji mumewe jina. Si haramu, ni haya tu, heshima yetu ya zamani. Mtu akija kumuulizia nnasema, "Mwenyewe katoka." Nikimtaka mimi, nnagonga bangili yangu kwenye mkono wa ngazi, ka, ka, naye kule juu anaitika, "Naam!" Umri wote tuliokaa, hivyo hivyo. Jirani yangu hakuchoka kunicheka.

"Shoga, kwani hilo jina likitoka litakung'ata?"

"Wewe la mumeo umelitaja mpaka limechuja kama kanga kuukuu," nnamjibu.

Basi alipozikwa nikakaa eda. Nikavua dhahabu zangu, na bangili ile nikaifunga kitambaani nikaitia ndani ya kasha. Nyumba ikawa kimya, ngazi haina wa kuitwa wala wa kuita.

Mwanangu wa pekee, binti, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kwetu uzazi wa kwanza mtu hurudi kwa mama yake, akaja na mimi nimo ndani ya eda. Akazaa mtoto mwanamume. Siku ya saba, nywele zimenyolewa, mkwe wangu akatangaza jina: la marehemu babu yake, mume wangu. Vigelegele vikajaa ua mzima. Mimi nikalia, wakadhani ni furaha. Na furaha ilikuwamo, nisiseme uongo. Lakini nilikuwa nnajiuliza, mtoto huyu mimi nitamwitaje?

Nikamwita Bwana Mdogo. Nikimwogesha, Bwana Mdogo. Nikimpaka mafuta, Bwana Mdogo. Watu wakaona mzaha. Mwanangu hakuona mzaha.

"Mama, mwite basi," aliniambia siku moja anamnyonyesha. "Dunia nzima inamwita isipokuwa wewe. Mimi nimempa jina la baba ili nilisikie kinywani mwako."

"Ulimi mzito, mwanangu."

"Mimi sijakusikia ukimwita baba hata mara moja. Na huyu vile vile?"

Nilijaribu peke yangu jikoni, namenya muhogo. Likifika menoni linarudi.

Eda ilipokwisha nikafungua kasha, nikavaa bangili. Nikasimama chini ya ngazi, nikagonga, ka, ka. Mtoto yuko begani kwa mama yake. Akageuza kichwa, akacheka, kinywa kitupu hakina jino.

"Mwone, kaitika!" nikasema.

"Kaitikia bangili, mama," mwanangu akasema. "Si jina."

Nikamwambia anisubiri. Mtoto akianza kukaa mwenyewe mkekani, ntamwita. Akacheka, akamwambia mwanawe, "Umesikia? Jifunze kukaa upesi."

Hakuwahi kukaa. Zilipoanza mvua za vuli akashikwa na homa. Tukamkimbiza spitali asubuhi, adhuhuri tukarudi naye, kafunikwa uso kwa kanga ya mama yake.

Mkwe wangu akaenda kusimamia kaburi. Wanawake wakaingia kutuhani, jirani yangu mbele yao na ndoo ya maji. Mwanangu kakaa kwenye ngazi ya chini, sauti imemkauka. Mara muadhini akabisha hodi.

"Poleni, Bi mkubwa. Nnataka kumtangaza msikitini. Marehemu anaitwa nani?"

Mwanangu akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Akanitazama mimi. Jirani yangu jina analijua, akataka kunisaidia, nikamwona kabisa midomo ikifunguka. Kisha akaifunga, akaiweka ndoo chini taratibu.

Nikalitaja. La mtoto, nikalifuatisha na la baba yake, wazi, ili muadhini asiniulize tena. Lilitoka jepesi, wala halikuning'ata. Sauti yangu ikapanda ngazi mpaka juu.

Mwanangu akafumba macho. Muadhini akashukuru, akaondoka. Nami nikabaki pale pale, kiganja kwenye mkono wa ngazi, nikisikiliza kwa mazoea tu, kama kuna atakayeitika.