Robo Saa ya Massoudi

Massoudi alikuwa fundi wa breki katika mtaa wa Jabe, na watu walimjua kwa mambo mawili: gari alilolitengeneza halikurudi, na mteja aliyembishia hakurudi pia. Mwaka 1995 hasira zake zilizidi. Asubuhi moja alimrushia dereva wa teksi spana, ikamkosa, ikapasua kioo cha gari lilelile alilokuwa akilitengeneza.

Mkewe, Hayat, akaenda kumshtaki kwa mzee Atumani, mjomba wa Massoudi, mshona kofia aliyewahi kufuata tarika ya masufi ujanani. Mzee akamwita Massoudi.

"Kila siku baada ya alasiri, kaa robo saa," alimwambia. "Funga macho. Ukivuta pumzi, taja Mungu moyoni. Ukiitoa, taja tena. Usiseme na mutu."

"Ni dawa ya hasira?"

"Ni murakaba. We kaa tu."

Robo saa si kitu. Foleni ya bomba la maji ilikuwa ndefu kuliko hiyo. Lakini nyumba ya Massoudi, mwenye watoto watatu, siku hizo ilikuwa na watu kumi na mmoja. Waridi, dada yake Hayat, alikuwa amekimbia vita mtaa wa Kinama na mumewe Khaled na watoto wao wanne, wakapewa chumba cha mbele. Massoudi akatandika mkeka chumbani kwake. Hakufika pumzi ya kumi, Waridi akaingia kutafuta chungio.

"Samahani, shemeji. Endelea kulala."

"Silali."

"Basi endelea."

Siku ya pili watoto walipigania ndoo nje ya dirisha lake. Siku ya tatu Epiphanie, jirani aliyekuwa karani, akasikia kwamba fundi hajiwezi, akaleta uji na maswali.

"Hayat, mwambie mi si mugonjwa."

"Nilimwambia. Anasema wagonjwa wote wanasema hivyo."

Akahamia garaji. Kulikuwa na Peugeot isiyo na magurudumu, imekaa juu ya matofali. Akaingia, akapandisha vioo, akafumba macho. Jasho likamtiririka. Mara kioo kikagongwa. Ni Bonfils, yule dereva wa teksi wa spana.

"Massoudi, uko ndani?"

Massoudi akateleza chini ya usukani.

"Nakuona."

Siku ya arobaini alirudi kwa Atumani akiwa amefura.

"Sijaona nuru, mjomba. Sijasikia kitu. Zamani nilikasirika kazini tu. Sasa nakasirika mpaka nikiwa kwenye dhikri."

"Nilikuambia ukae. Sikukuambia utafurahi."

"Na wewe ulipata nini?"

"Miaka miwili ya kwanza nilikuwa nasinzia." Mzee akainamia sindano yake. Massoudi akatoka, akaubamiza mlango.

Wiki iliyofuata mji ulifungwa. Vijana waliziba barabara kwa mawe na matairi yanayowaka, soko halikufunguliwa, na risasi zikasikika upande wa kaskazini. Khaled alikuwa ametoka alfajiri kwenda Carama, hukohuko kaskazini, kuchimba mihogo katika shamba la rafiki yake. Mchana ukapita, hakurudi.

Kwa mara ya kwanza nyumba ilitulia. Hata watoto walikaa wameegemea ukuta, bila kugombea ndoo. Baada ya alasiri Massoudi alikaa kwenye mkeka, na hakuna aliyemsumbua. Alivuta pumzi, akataja; akaitoa, akataja. Kila alipotaja jina la Mungu, lilifuata la Khaled. Hapo akaona, wazi kama fundi anavyoona breki iliyolika akishafungua gurudumu: chini ya hasira yake kulikuwa na woga. Ulikuwepo tangu Oktoba ya 1993, vita vilipoanza, kila siku, naye aliuita "wateja wajinga".

Jambo hilo likamuudhi kuliko yote. "Kumbe ni woga tu," alijiambia, akaona aibu.

Hakumaliza robo saa. Uani alimkuta Waridi akichagua maharagwe yaleyale kwa mara ya tatu. Akachuchumaa, akavuta ungo upande wake.

"Na murakaba yako, shemeji?"

"Achana nayo." Akachagua kidogo. "Mi naogopa, Waridi. Sijui tufanye nini."

Waridi hakuwahi kumsikia akisema neno hilo. Tangu asubuhi alikuwa amejikaza, sasa akalia. Massoudi hakujua aweke wapi mikono yake, akaendelea kuchagua, vibaya, mawe akiyaacha.

Khaled alirudi siku ya tatu kwa njia ya bonde la Ntahangwa, bila mihogo, akiwa na kiatu kimoja tu. Massoudi alimgombeza kutoka mlangoni mpaka kitandani. Kisha akaenda mwenyewe kumchotea maji ya kuoga.

Vita viliendelea miaka mingine kumi, na Massoudi aliendelea kukaa. Hakuwa walii. Wateja aliwafokea bado, na aliyemuuliza amepata faida gani alifukuzwa. Ila Hayat aliona kwamba mara nyingine, katikati ya ugomvi, mumewe hukatiza maneno, huvuta pumzi, kisha huumaliza ugomvi kwa sauti ya kawaida.

Mwaka 2001 Hayat naye alitandika mkeka wake kando ya ule wa mumewe. Hazikupita dakika tano.

"Unapumua kwa kelele," Massoudi alimwambia.

Hayat hakufumbua macho; akavuta pumzi nyingine, kwa kelele ileile.