Nilimpeleka mama kutalii makaburi ya Misri, tukarudi na uamuzi kuhusu baba

Wakuu, salaam zenu. Hili limenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu wala sijaongeza chumvi. Naliweka hapa kwa sababu nikianza kulisema nyumbani naishia kulia.

Naishi Greenbelt, Maryland. Kipindi cha corona wazazi walikuwa wamekuja kutusalimia, baba akafia huku. Ndege hamna. Tukamzika hapa hapa.

Kwa wasiojua, Mchagga anazikwa kihambani kwake, nyumbani kwenye migomba. Halina mjadala hilo.

Mama akagoma kwenda makaburini. Kabisa! Ukimpa pole anakujibu, "Hajazikwa huyo, amehifadhiwa tu."

Hakutoa hata chozi. Akabaki kwangu akisubiri siku ya kumrudisha mzee kwetu Marangu, na mimi nilishaanza kufuatilia kibali cha kumfukua.

Sasa, mama ni mtu wa Biblia. Misri ya Yusufu na Musa anaijua kuliko Moshi mjini. Nikasema ngoja nimchangamshe, nikabook ile cruise ya mto Nile, Luxor mpaka Aswan. Mnashuka, mnaona mahekalu na makaburi ya kale, mnarudi melini kula.

Mahekalu aliyafurahia jamani. Alikuwa anaangalia zile nguzo juu mpaka kilemba kinadondoka.

Siku ya makaburi ya wafalme tukashuka chini ardhini. Kuta zina rangi utadhani zimepakwa juzi. Guide wetu, kaka mmoja mcheshi, akaeleza kwamba mwenye kaburi hayumo, alishatolewa, sasa yuko makumbusho na watu wanapanga foleni kumwangalia.

Mama akaninong'oneza, "Hebu muulize, ndugu zake walikubali?"

Nikauliza. Guide akacheka. "Mama, his people died long ago." Yaani ndugu zake walishakufa zamani.

Mama hakucheka. Akatoka nje, akakaa juu ya jiwe juani, akaanza kulia. Wakuu, kilio cha msiba, kile cha sauti, watalii wanageuka. Mimi nimemshika bega tu.

Alipotulia akasema, "Aika, muache baba yako alale. Msimtoe kama walivyomtoa huyu."

Tuliporudi akataka nimpeleke kaburini. Tukapitia dukani kwanza, akanunua sale, ule mmea ambao Wamarekani wanaupanda kwenye chungu sebuleni kama pambo. Kwetu jani lake unampelekea uliyemkosea, naye hawezi kukunyima msamaha.

Tulipofika akachuma jani moja, akalifunga fundo, akapiga magoti, akaliweka pale kaburini.

"Baba Aika, nisamehe. Nimekuacha peke yako huku nawaambia watu hujazikwa."

Halafu akapapasa nyasi za pembeni. "Na mimi mtanilaza hapa."

Nimeumia, siwafichi. Ana nafasi yake kule kihambani, jirani na mama mkwe wake, ameipalilia maisha yake yote.

Nilichojifunza, mfiwa msimkimbize. Mama alihitaji kulia, na mimi nilikuwa nahangaika na vibali.

Baba wadogo kule Marangu bado wanajua tunamleta mzee. Mliozikia ugenini, ndugu mliwaambiaje? Nishaurini tafadhali, maana mama kanituma niwapigie, na sijui nitaanzaje kuwaambia kwamba hata yeye harudi.