Muhuri wa Dokta Pendo

Wanaosema Dokta Pendo ndiye aliyeifanya hospitali yetu isimamishwe na Bima miezi mitatu, waje kwangu Mlandege niwaambie nani aliyeharibu. Nitaanza na mimi mwenyewe. Ule muhuri wenye jina lake, namba yake ya usajili na maneno "Daktari Bingwa wa Tiba ya Dharura" niliugonga mimi, tena kwa miezi mitano, kwenye fomu za wagonjwa ambao yeye hakuwaona hata kwa mbali.

Nilikuwa karani wa madai ya bima katika hospitali ya binafsi hapa Iringa mjini. Jina lake silitaji, wanaoijua wanaijua. Nilipokea fomu kutoka vyumba vya madaktari, nikahakikisha mgonjwa ametia sahihi na aliyemtibu amegonga muhuri, kisha nikazituma Bima ili hospitali ilipwe. Mgonjwa akionwa na bingwa, malipo yanakuwa makubwa. Akionwa na tabibu wa kawaida, yanakuwa madogo. Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa.

Pendo alitoka Mbeya, mtoto wa Mama Damari, muuza viazi wa Uyole. Mama yule alimsomesha kwa magunia ya viazi mpaka mgongo ukapinda. Pendo akapata shahada ya udaktari, akafanya kazi wilayani miaka minne, kisha akarudi shule miaka mingine mitatu kusomea kitu ambacho hata mimi sikujua kinasomewa: namna ya kumpokea mtu anayekufa ili asife. Sisi Wahehe tulimtania kwamba Wanyakyusa ni wabishi, hata na mauti wanabishana. Alicheka. Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, na alikuwa hapendi kabisa mtu kumwita nesi.

Siku aliyoajiriwa, meneja wetu, Mzee Bartholomeo, alitoa nakala za vyeti vyake vyote na leseni ya mwaka, akazipeleka Bima. Ndivyo hospitali ilivyopandishwa daraja, ikaanza kulipwa malipo ya bingwa. Kisha akamwomba muhuri ubaki ofisini, eti usipotee kwenye makoti. Pendo akakubali. Mgeni hukubali mengi wiki ya kwanza.

Wiki ya tatu Mzee Bartholomeo akanipa muhuri ule pamoja na fomu za tabibu. "Roza, hizi nazo zipitishe kwa Dokta Pendo. Si yumo humuhumu ndani?" Sikutishwa, sikuhongwa. Niliambiwa tu, nikagonga. Mpaka leo hilo linanichoma kuliko kama ningehongwa.

Ikafika asubuhi moja ya Machi. Pikapu ya mizigo ilitoka Ruaha Mbuyuni, ikapanda mlima Kitonga na mtu amelala nyuma juu ya magunia: Sosthenes, mkulima wa vitunguu, ameloa jasho, mkono umeng'ang'ania kifua. Pendo hakuuliza kadi wala jina. Ndani ya dakika kumi alikuwa amempima moyo, amempa dawa, amemtundikia dripu, amemwekea oksijeni. Moyo ulikuwa unamfia. Jua lilipokuwa limepanda vizuri, mzee Sosthenes akaanza kuongea, na Pendo akaniita nilete faili lake.

Nililileta mwenyewe kwa mikono yangu hii. Akasoma. Wiki mbili nyuma mzee alikuja na maumivu yaleyale. Akaandikiwa vidonda vya tumbo, akapewa vidonge, akarudishwa shambani. Chini ya fomu ya bima, iliyobanwa ndani ya faili, ulikuwepo muhuri: Dokta Pendo Ambokile, bingwa.

"Kamwene, baba," Pendo akamsalimu kwa Kihehe, polepole. "Wiki ile ulipokuja, nani alikuona?"

"Dokta."

"Ni mimi?"

Mzee akamkagua kuanzia miguuni. "Wewe? Hapana, mama. Wewe nakuona leo. Yule alikuwaga mwanaume, ana ndevu."

Pendo akanigeukia. Mimi nikatazama sakafu. Hakupiga kelele. Akasema tu, "Dada Roza, twende kwa meneja wote wawili."

Mzee Bartholomeo alipoliona faili akasema, "Funga mlango, Dokta."

"Mlango utabaki wazi."

"Mkono mtupu haulambwi, mwanangu. Hiyo tofauti ya malipo ndiyo inayonunua oksijeni unayowawekea wagonjwa."

"Na huyu tungemzika, mzee, angezikwa na jina langu. Ndugu zake wangenilaani mimi."

"Sikiliza. Ukilipeleka hili Bima, mkataba unavunjwa. Wenye kadi wa mji huu waende wapi? Watakaokufa njiani utawajibia wewe."

Hapo Pendo aliliweka faili mezani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hoja ile ilikuwa na meno, nami nilidhani imemshinda. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Baba yangu alianguka na pikipiki nikiwa darasa la sita," alisema. "Alifika hospitali anaongea. Ukutani palikuwa na karatasi ya zamu, na jina la daktari limeandikwa vizuri kabisa. Tulimsubiri mwenye jina lile mpaka baba akafia kwenye benchi. Kwa hiyo usinifundishe nani anakufa kwa ajili ya nini. Nipe muhuri wangu."

"Ni mali ya ofisi."

Pendo akazunguka meza, akavuta droo, akauchukua. Mzee alisimama, akakaa tena. Siku hiyohiyo barua ya Pendo ikaenda Bima, nakala Baraza la Madaktari. Nilimchukia, niseme ukweli. Nilihesabu watoto wangu watatu, nikamchukia zaidi.

Baada ya wiki mbili mkaguzi wa Bima akaja, mama mmoja mtulivu mwenye miwani. Tuliketi wanne: yeye, meneja, Pendo na mimi. Mbele yake palikuwa na rundo la fomu, zote zina muhuri.

Mzee Bartholomeo alizungumza kwanza, tena kwa upole wa kanisani. Alisema inamuuma sana, lakini Dokta Pendo aligonga mwenyewe, kwa tamaa ya posho ya bingwa, na alipoona mambo yanataka kujulikana akakimbilia kuandika barua.

"Mwongo," Pendo akasema.

Mkaguzi akainua fomu moja. "Dokta, jina ni lako. Namba ni yako. Baraza likiona hivi, leseni inaondoka. Una shahidi?"

Miaka yote ile ya kusoma, magunia yote yale ya mama yake, vilikuwa vinaning'inia pale mezani. Na Pendo hakunitazama. Angenitazama ningepata kisingizio, ningesema ananilazimisha. Alitazama ukuta, shingo imenyooka, kama mtu asiyeomba kitu kwa yeyote.

Aliyenitazama ni Mzee Bartholomeo. Alinitazama vizuri, akatabasamu kidogo. Alikuwa na hakika na mimi. Lile tabasamu ndilo lililoniinua kwenye kiti.

"Zote nimezigonga mimi," nikasema. "Na aliyeniagiza ndiye huyo aliyevaa tai ya bluu."

Meneja akacheka. "Huyu ni karani tu, mama. Hajui anachosema."

Mkaguzi akavua miwani. Akaniuliza kama ninaelewa kwamba kwa maneno hayo ninapoteza kazi, na huenda nikafikishwa mahakamani.

"Naelewa. Andika Rozalia, karani wa madai, mkazi wa Mlandege. Andika jina lote, mama. Mwenyewe nipo, nimesimama mbele yako."