Domnica hangoji tena sikukuu ya Maria

Umande haujakauka, saa moja kasorobo, na Domnica Bodnar, mwenye miaka sitini na mmoja, ameshaanza kukata. Mkono mmoja mundu, mwingine umekumbatia mabua yanayompita urefu. Harufu ya mabua hayo inafika barabarani.

"Domnica! Leo ndiyo kwanza Agosti ishirini na nne! Umesahau kalenda au umeshavuta?" anamtania jirani yake, mzee Toader, akiegemea uzio.

"Nimevuta sikio la mume wangu tu, mzee. Pita zako!"

Toader ana haki ya kushangaa. Katika kijiji hiki cha milimani kaskazini mwa Romania, bangi ya nyuzi haikatwi kabla ya sikukuu ya Kuzaliwa Maria, Septemba nane. Ndivyo bibi zao walivyopata mashuka na kamba, na hakuna aliyewahi kulewa shuka.

Mwaka jana Domnica aliingoja sikukuu, na hapo ndipo yalipomkuta. CBD, kiungo anachokitafuta kwenye maua ili kutengeneza mafuta ya dawa, hailevyi. Lakini ua hilohilo lina chembe ya kilevi, ambayo sheria inataka isizidi asilimia 0.3, na mmea ukizidi kukomaa nacho hupanda. Maabara ilisoma 0.36. Nusu hekta ikachomwa mbele ya macho yake.

"Niliwapikia chai waliokuja kuchoma. Wametumwa, wangefanyaje? Nililia walipoondoka," anasema. "Kosa langu. Nilimsikiliza marehemu mama, na mama hakuwa na maabara."

Akishindwa tena, kibali kinakwenda. Jana mkaguzi alichukua vichwa vya maua kupeleka maabara. Majibu ni baada ya siku tisa.

Toader hajaondoka. Magoti yanamsumbua, anataka chupa ya mafuta iliyobaki ya mwaka juzi.

"Bado unameza zile dawa za damu isigande?"

"Kila siku."

"Basi sikuuzii."

"Pesa ni yangu, mwanamke!"

"Na majirani ni wangu, tena wamebaki wachache. Mafuta haya hugombana na dawa zako. Kamuulize daktari. Halafu kwa magoti, mzee, wapo wanaosema mafuta yamewafaa, wapo ambao hawakuona kitu. Ambao madaktari wamethibitisha CBD inawasaidia ni wagonjwa wa kifafa fulani kikali, watoto wengi wao, tena kwa dawa ya hospitali, siyo kichupa changu."

Muuzaji wa namna hii ni adimu. Sokoni mjini wapo wanaotibu kila kitu, kuanzia upara hadi ndoa.

Siku ya tisa bahasha inafika. Domnica anampa Toader aifungue.

"Sifuri nukta mbili moja," anasoma mzee. Kisha, kwa sauti ndogo: "Na daktari kasema mafuta yako nisiyaguse."

"Si nilikwambia!" Domnica anacheka huku akifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Mwakani anataka kulima hekta nzima.

Na sikukuu?

"Septemba nane nitapeleka fungu la mabua kanisani, kama kila mwaka. Litakuwa limekauka, basi. Maria naye alikuwa mama wa nyumbani, ataelewa."