Glovu ya Kushoto

Kwenye mashindano yale ya mataifa, kipa wa akiba wa timu yetu ya mpira wa magongo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa kila siku. Mimi, mchua misuli wa timu, nilikaa naye benchi moja, nikamwona akizikaza kamba za vikinga miguu, akizilegeza, akizikaza tena. Helmeti haikumtoka hata jua likiwaka.

"Vua kidogo upumue, kaka," nilimwambia.

"Wakiniita ndiyo nianze kutafuta helmeti?"

Hawakumwita. Na kila asubuhi alimpigia mama yake simu: "Usibanduke kwenye TV, mama. Huenda ikawa leo."

Mechi ya mwisho tulikuwa tumeshafungwa saba kwa bila, kocha alipogeuka na kumwashiria. Aliinuka, akajipiga kifua, akarukaruka pale pale na mavazi yake yote mazito.

"Glovu ya kushoto," kocha akasema. "Ya mwenzako imechanika."

Aliivua taratibu, akamkabidhi kocha, akakaa. Ule mkono mtupu akauficha kwapani. Dakika chache baadaye yule mwenzake golini, naye uso umefunikwa na helmeti, alijitupa akazuia mpira, na watu jukwaani wakasimama.

Tulipoingia chumba cha kuvalia, simu ya yule kipa wa akiba ilikuwa inaita; akaipokea. Sauti ya mama ilisikika chumba kizima: "Nimekuona, mwanangu! Umeuzuia kwa mkono wa kushoto!"

Aliutazama mkono wake.

"Ndiyo, mama," akasema. "Wa kushoto."