Masizi ya Ukuta wa Ofisi

Bi Zuleica anakaanga samaki kwa kuni karibu na bandari ya Mocímboa da Praia, mwaka wa kumi na nane huu. Chefe Vasco, mkuu wa ofisi ya jirani, alipoona ukuta wake mweupe umeingia weusi, alimpa wiki mbili. "Moshi wako huo, mama. Hama."

"Sihami! Na jenereta yako inayonguruma kutwa, inatoa uturi?"

Natália, mtafiti wa hewa aliyekuwa akila pale, akasema masizi yanapimika. Kuni zimetoka kwenye mti uliokuwa hai juzi, kwa hiyo masizi yake yana radiokaboni, aina ya kaboni ambayo viumbe hai huipata hewani na ambayo hupungua polepole wakishakufa. Dizeli ya jenereta imetokana na viumbe waliokufa zamani mno. Radiokaboni yao imekwisha. Ng'ambo ipo mashine inayohesabu atomi zake moja moja, na masizi kiasi cha punje ya ufuta yanaitosha.

Vasco alikubali bila wasiwasi ukuta wake ukwanguliwe. Bi Zuleica akakwangua chini ya karai lake. "Peleka na yangu, mwanangu. Siogopi kupimwa."

Wiki mbili zikapita, moto wake unawaka. Mwezi wa tano tangu siku hiyo majibu yakaja, Natália akayasoma mbele ya wateja. Masizi ya karai yalijaa radiokaboni. Ya ukutani yalikuwa karibu hayana kabisa.

Vasco akakohoa. "Basi, mama, unaweza kubaki."

"Nani kakuomba ruhusa?" Bi Zuleica aligeuza samaki. "Nakupa wiki mbili. Hamisha jenereta."