Koti la Dawa ya Kupe

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nasomea shahada ya pili Nairobi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kugusa konokono. Nilimgusa kwa brashi, akajikunyata. Nikangoja, nikamgusa tena. Ukirudia mara nyingi bila kumuumiza, konokono huacha kujali, na mimi nilitakiwa kueleza ni kitu gani kimebadilika ndani yake. Nyumbani Kitengela mama yangu aliwaambia wenzake wa kanisani kwamba nasomea udaktari wa ubongo. Akiulizwa zaidi, alisifia mvua.

Jibu liko mahali padogo sana. Seli moja ya neva haigusani na nyingine. Kati ya seli hizo kuna mwanya unaoitwa sinapsi. Habari ikifika ukingoni, seli hutoa kemikali, kemikali inavuka, ng'ambo ya pili inapokelewa. Konokono aliyezoea brashi anatoa kemikali kidogo, basi habari inafifia njiani. Kuna kemikali moja ambayo ikishavuka lazima iondolewe papo hapo, na mwili una kimeng'enya cha kuifagia, la sivyo misuli na tezi zitaendelea kuitikia amri iliyokwisha kutolewa. Habari za kimeng'enya hicho niliulizwa kwenye mtihani, nikajibu vizuri, nikatoka nje nikazisahau.

Baba alikuwa karani mstaafu wa ofisi za serikali Kajiado. Tulitoka Ukambani mapema miaka ya tisini, akanunua ploti upande wa Isinya, akajenga, akaweka ng'ombe watatu wa maziwa ambao aliwapenda kuliko sisi, na hakuficha. Alikuwa mzee wa kanisa. Ujanani alikuwa mlevi, tena wa kubebwa, akaokoka kabla sijazaliwa. Ushuhuda wake niliusikia mara nyingi hata ningeweza kuutoa mwenyewe, pamoja na kikohozi chake cha katikati.

Kila Alhamisi alasiri alinyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Kibandiko cha chupa kilitaja kipimo, lakini yeye alimimina mara mbili yake kwa sababu kupe wa Kitengela, alisema, ni sugu. Akakoroga kwa mkono, mpaka kwenye kiwiko. Kijiti kilikuwepo, ila aliamini kijiti hakiwezi kuhisi kama dawa imekolea. Kisha akavaa pampu mgongoni, nayo ilivuja, maji yakashuka kwenye koti kuukuu la ofisini alilolifanya la kazi. Koti hilo lilikuwa marufuku kuoshwa. Likikaa na dawa yake, kupe wa kwenye nyasi hawamgusi, kwa hiyo alishinda nalo mpaka wakati wa chakula cha jioni.

Mama ndiye aliyeanza kunipigia simu. Baba alikuwa anarudi kutoka zizini akipepesuka. Alitokwa na jasho wakati wa baridi, mikono ilitetemeka, mate yalimchuruzika mpaka akawa haachi kitambaa, macho yakalia ovyo. Ijumaa asubuhi hali ilikuwa ile ile, Jumapili akawa mtu mzima tena. Mama alikuwa ameishi na mlevi, hakuhitaji kufundishwa na mtu.

"Anajimwagia hiyo dawa ya kupe makusudi," akaniambia, "ndiyo nisisikie harufu ya pombe."

Nikiwa mtu wa sayansi, nilikubaliana naye kabisa. Nilipokwenda nyumbani nilimkuta baba chini ya ukuta wa zizi, nikamwambia, "Baba, kama umerudi kwa pombe, sema tu. Hakuna mtu atakuchukia. Tumechoka."

"Mimi sijakunywa kitu, mama," akasema. Alizoea kuniita hivyo, mama, mimi bintiye. Nilimtazama kama watu wanavyomtazama mwizi aliyekamatwa na kuku mkononi.

Alikana kwa miezi miwili. Kisha wazee wenzake wakaja, wakanywa chai, wakaomba, wakamwambia kwamba kukiri ndio mwanzo wa kupona. Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya kanisa akasema, "Ndugu zangu, nilianguka. Nimekuwa nikikunywa. Nisameheni." Kanisa lililipuka kwa wimbo. Watu walimkumbatia. Nilikuwepo, nikapiga makofi mpaka viganja vikaniwasha, na usiku huo mama alilala fofofo.

Alhamisi ikafika, akarudi kutoka zizini akipepesuka.

Safari hii hapakuwa na chai wala maombi marefu. Wazee walimwita mama, wakamwambia kwamba Jumapili mzee atavuliwa uzee wa kanisa, hadharani, kwa kuwa ametubu na kuichezea toba yake. Mama hakubisha. Alitoa sanduku chini ya kitanda akaanza kupanga nguo za kwenda kwa dada yake Machakos, na kwa jinsi alivyozikunja nilijua hakuwa anaenda kusalimia. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo. Nilijiona nimekuja mazishi ya watu wawili ambao bado wanatembea.

Ijumaa hiyo asubuhi nikatoka na kikombe changu cha chai, kusudi nisimwone baba mezani. Nyuma ya stoo mbwa wetu alikuwa amelala juu ya lile koti. Baba alikuwa amelitupa pale jioni, na mbwa alipenda ulaini wake. Nilimwita, hakuja. Alijaribu kuinuka, miguu ya nyuma ikatetemeka, akaketi. Mate yalimning'inia hadi chini. Nilipoinama nikaona mboni zake zimekuwa ndogo kama zimetobolewa kwa sindano.

Mbwa wetu hakuwa mnywaji. Hilo ndilo wazo lililonijia, jinsi lilivyo, na nikacheka peke yangu kama kichaa, chai ikanimwagikia miguuni. Halafu ule mtihani wangu wote ukanirudia. Dawa nyingi za kupe zinaua kwa kukifunga kile kimeng'enya kinachofagia, na cha kupe, cha mbwa na cha karani mstaafu vinafanya kazi ile ile. Kemikali inavuka mwanya, inabaki pale pale. Tezi zinaamriwa kutoa mate, zinaamriwa tena. Misuli inaamriwa, inachoka. Mboni zinabanwa, na pombe haibani mboni namna hiyo. Nilikaa mwaka mzima nikipima jinsi konokono anavyozoea kuguswa, na nyumbani kwetu tuliizoea harufu ya lile koti mpaka hakuna aliyeijali.

Niliingia ndani. "Baba, njoo mlangoni kidogo, kwa mwanga."

"Nimefanya nini tena?"

"Nataka kuona macho."

Akaja, akanitolea macho kama mtoto wa shule anayekaguliwa. Mboni zilikuwa ndogo vile vile.

Nilimvua nguo za juu, hata shati, nikamsugua mikono na mgongo kwa sabuni uani, mama akiwa dirishani na blauzi mkononi. Kisha tukaenda hospitali Kajiado, mama akiwa nyuma yetu. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimulika macho, akasikiliza kifua, akauliza anachanganyaje dawa.

"Na mkono," baba akasema.

"Uko na glavu?"

"Glavu haitakuonyesha kama imekolea."

Daktari akanitazama, nami nikatazama ukuta. Alimdunga sindano, na baada ya muda mate yakakata, baba akaomba maji kwa furaha ya mtu aliyevuka jangwa. Damu yake ilipelekwa Nairobi. Majibu yalikuja baadaye na kuthibitisha, lakini sisi hatukuyangoja. Mama alimuuliza daktari mara tatu kama ana uhakika, na mara ya tatu akamshika mkono hakuuachilia.

Nilitaka kulala palepale kwenye benchi la hospitali. Baba hakuwa mlevi, hakuwa mwongo, wala hakuwa anakufa. Hata mbwa, tuliyemwosha tuliporudi, alikula kesho yake.

Jioni mama alilichoma koti kisha akarudisha nguo zake chini ya kitanda, sanduku zima, bila kulifungua. Baba alikuwa kwenye kiti, amevaa shati safi.

"Kwa hivyo sikukunywa," akasema. Ilikuwa kama anauliza.

"Hukukunywa, baba."

"Basi iko shida moja. Nilisimama mbele ya Mungu nikasema nimekunywa."

"Na kwa nini ulisema?"

"Wewe ndiye uliniambia. Ulisema niseme tu, mmechoka. Hata mimi nikaanza kufikiri labda nakunywa na sijui."

Aliniona nikilia akanipa kile kitambaa chake, ambacho sasa kilikuwa kikavu.

Jumapili wazee walikuwa tayari kumvua cheo. Mama alikuwa amewaendea asubuhi na mapema akawaeleza habari ya dawa kwa ukali ambao sikujua anao, wakakubali baba azungumze kwanza. Baba akasimama mahali pale pale pa juzi.

"Ndugu zangu," akasema, "nimekuja kutubu. Niliwadanganya kwamba nilikunywa pombe. Sikukunywa. Nisameheni huo uongo."

Hakuna aliyejua wimbo wa toba ya namna hiyo. Kisha mama akaanza kucheka, akajifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika, na kanisa lote likamfuata, hata wazee. Mama alipomaliza kucheka alikuwa analia. Akaenda mbele, akasimama kando ya baba.

"Na mimi natubu," akasema. "Aliniambia ukweli miezi miwili, sikumwamini."

Nilikuwa benchi la nne, msomi wa ubongo. Nikainuka nikaenda kusimama upande wa pili wa baba.